Kutuma bastola kwa fundi nchini Marekani: nani anaruhusiwa, kwa njia ipi, na itakugharimu nini

Bastola yangu ilianza kugoma kutema maganda. Risasi inatoka, slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma) inarudi nyuma, halafu ganda linabaki limesimama mdomoni mwa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kama mtu aliyebanwa mlangoni. Nikaisafisha, nikabadilisha aina ya risasi, nikabadilisha magazini, wapi! Nikaamua iende kwa fundi wa jimbo jingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kutengeneza si shida, shida ni kusafirisha. Duka lililonitumia lilichukua dola 45 za usumbufu wao, usafiri wa siku moja ukala 70 na ushee, na iliporudi nikalipa tena ya kupokelewa. Fundi alibadilisha kile kindoano kinachovuta ganda pamoja na springi yake. Vipande viwili ambavyo ungeviweka juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Na vyote viwili vinakaa kwenye slaidi, ambayo ningeweza kuituma kwa posta kama mtu anavyotuma viatu.

Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo lingeniokolea pesa hizo, kisha ndiyo tuje kwenye maboksi na lebo. Haya yote ni ya Marekani, ndani ya mipaka yake. Kutuma silaha kwenda nchi nyingine kunahitaji vibali vya serikali vya kutoa na kuingiza, na hilo usilijaribu kwa kusoma mwongozo kama huu.

Hatua ya 1: Jua ni kipande gani ambacho sheria inakiita silaha

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 haihesabu kila chuma kilichomo kwenye bastola kuwa silaha. Inachohesabu ni fremu, yaani kile kiwiliwili chenye namba ya silaha. Kwenye bastola nyingi za kisasa fremu ni ile sehemu unayoishika mkononi. Kwenye Glock utaona kibamba kidogo cha chuma chenye namba kimepachikwa chini ya plastiki, mbele ya triga. Rivolva nayo fremu yake ni ule mwili wenyewe unaobeba silinda. SIG Sauer P320 ndiyo inayowachanganya wengi: mpini wake wa plastiki si silaha kisheria, unaweza kuununua kama unavyonunua kava la simu. Silaha ni kile kisanduku cha chuma kilichobeba triga, ambacho unakichomoa na kukihamishia kwenye mpini mwingine.

Fremu hata ikiwa tupu, bila triga, bila mtutu, bila kitu, bado ni bastola mbele ya sheria na inasafiri kwa masharti ya bastola. Lakini slaidi, mtutu, springi, vilengeo, magazini na silinda, kwa sheria ya serikali kuu, ni vipuri tu. Posta inavipokea, na huhitaji leseni ya mtu yeyote.

Sasa keti na bastola yako ujiulize ugonjwa uko wapi. Ganda halitoki? Mara nyingi ni kindoano cha kwenye slaidi. Unataka kuwekewa vilengeo vya usiku, au slaidi ichongwe ili ibebe kilengeo cha kioo? Slaidi peke yake. Kubadilisha au kupaka rangi mtutu? Mtutu peke yake. Triga inateleza, kitufe cha magazini kimelegea, fremu imepasuka? Hapo huna ujanja, fremu lazima isafiri. Na kama hujui tatizo liko wapi, fundi naye atataka bastola nzima ili aijaribu kwa kupiga risasi na kuona kwa macho yake. Ana haki.

Kabla hujaamua, muulize hivi: "Naweza kukutumia slaidi peke yake?" Mafundi wengi hujibu ndiyo hata kabla hujamaliza sentensi, maana kupokea slaidi hakuwapi kazi ya kuandika kwenye daftari lao la silaha. Angalia tu sheria ya jimbo lako na la kwake, hasa kwenye magazini. California, New York na New Jersey zina mipaka ya idadi ya risasi ambazo magazini inaruhusiwa kubeba, na magazini iliyo halali kwako inaweza kuwa kosa unakoipeleka.

Hatua ya 2: Kama ni bastola nzima, elewa kwa nini posta si yako

Watu husema "si nitaiweka tu kwenye boksi la posta." Usifanye hivyo. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia silaha zinazoweza kufichwa mwilini zisipite kwenye posta, wakati ambapo bastola ziliuzwa kwa barua kama mbegu za bustani. Sheria ile ilibana posta ya serikali peke yake, haikugusa kampuni binafsi, kwa hiyo wauzaji wakahamia kwa wasafirishaji wengine na biashara ikaendelea. Inachekesha kidogo, lakini sheria yenyewe imo vitabuni hadi leo, na adhabu yake kwa anayeweka bastola kwenye posta akijua ni faini au kifungo kisichozidi miaka 2. Imekuwa ikipingwa mahakamani, kwa hiyo siku unayotaka kutuma soma kanuni za posta za siku hiyo, usitegemee alichokuambia shemeji miaka mitatu iliyopita.

Sheria hiyo iliacha milango michache wazi, na unaokuhusu ni huu: watengenezaji na wauzaji wenye leseni ya silaha ya serikali kuu wanaweza kutumiana bastola kwa posta katika shughuli zao za kawaida, pamoja na matengenezo. Wao hujaza fomu ya posta namba 1508 na mambo yanakwenda. Huo mlango ndio unaoeleza kwa nini duka linaweza kutuma bastola yako kwa bei ndogo kuliko wewe. Tutaurudia kwenye hesabu.

Bunduki ndefu, yaani raifo na shotigani, zina kanuni laini zaidi: raia anaweza kuituma kwa posta kwenda kwa mwenye leseni. Usizichanganye.

Hatua ya 3: Na kampuni za vifurushi je?

Sheria ya serikali kuu inamruhusu raia wa kawaida kutuma silaha kwa kampuni ya usafirishaji kwenda kwa mwenye leseni katika jimbo lolote, na matengenezo ni sababu halali kabisa. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa: unaingia kituoni, unasema una bastola inakwenda kwa fundi, wanakutajia usafiri wa ndege wa siku moja, unalipa huku meno yakikuuma, unaondoka.

Kilichobadilika ni masharti ya kampuni zenyewe. Tangu 2022 UPS inapokea vifurushi vyenye silaha kutoka kwa wenye leseni waliosaini nayo makubaliano, na FedEx nayo iko kwenye mkondo huo huo. Kwa hiyo ukienda kwa jina lako mwenyewe utarudishwa, hata kama sheria iko upande wako. Wako wanaoshauri unyamaze, uandike "vipuri vya mashine" na kutuma. Huo ni ushauri mbaya sana. Kifurushi kikipotea hutalipwa hata senti, kwa sababu umevunja mkataba, na utakuwa umepoteza silaha huku ukiwa na karatasi inayosema ulituma vipuri. Polisi akiuliza utamweleza nini?

Zimebaki njia tatu za halali, na nitazipanga kuanzia rahisi.

Hatua ya 4: Chagua njia

*Lebo ya kiwanda.* Anza hapa kila mara. Piga simu kwa aliyetengeneza bastola kabla hujamtafuta fundi wa mtaani. Kiwanda kina makubaliano na kampuni ya usafirishaji. Kikikubali kwamba kosa ni lake, mara nyingi hukutumia lebo iliyolipiwa na kifurushi kinasafiri kwa akaunti yake. Unatoka bila kulipa hata shilingi. Hata kama si kosa lake, uliza kama watakuuzia lebo yao, maana itakuwa nafuu kuliko kuanza kutafuta duka.

Usikate tamaa kwa sababu eti huna kadi ya dhamana. Ruger, kwa mfano, haitoi dhamana ya maandishi kabisa, na sababu yake inarudi kwenye sheria ya dhamana ya bidhaa ya miaka ya 1970, ile ya Magnuson-Moss, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana ya maandishi ila ikitolewa inaibana kwa masharti. Hata hivyo Ruger wanasema wazi kwamba kasoro ya kiwandani wataitengeneza. Maneno kwenye karatasi na mazoea ya kiwanda ni vitu viwili.

Tahadhari moja: kama umebadilisha triga au springi kwa za kampuni nyingine, zitoe, rudisha zilizokuja na bastola. Kiwanda kina kawaida ya kurudisha bastola katika hali yake ya mwanzo, na triga yako ya dola 150 inaweza kurudi kwenye mfuko wa nailoni, au isirudi kabisa.

*Kupitia duka lenye leseni.* Wamarekani humwita mwenye duka la namna hii FFL, kutokana na leseni yake ya serikali kuu. Unampelekea bastola, anaiandika kwenye daftari lake la vilivyoingia na vilivyotoka, anaituma kwa fundi, fundi anaiandika kwenye daftari lake. Hapa ndipo swali la nani ametuma linapoanza kukugharimu, maana sheria inamruhusu fundi kuirudisha silaha kwa *yule aliyemtumia*. Ikitumwa kwa jina la duka, inarudi dukani. Ukiituma wewe kwa lebo ya kiwanda, inaweza kurudi moja kwa moja mlangoni kwako, hata kama uko jimbo jingine.

Kwa hiyo dukani uliza mambo haya mdomoni, na uyapate kwa maandishi: mnatoza kiasi gani kutuma, usafiri umo ndani ya bei hiyo au uko nje, mnatoza kiasi gani ikirudi, na mnatuma kwa posta au kwa kampuni binafsi? Swali la mwisho huwashangaza, lakini ndilo lenye pesa nyingi. Duka langu lile lilituma kwa ndege ya siku moja kwa mazoea tu, hakuna aliyenilazimisha na hakuna aliyeniuliza. Sikuuliza na mimi.

*Kuipeleka mwenyewe.* Ikiwa fundi yuko mwendo wa saa tatu nne kwa gari, piga hesabu ya mafuta. Fundi mwenye leseni akikutengenezea ukiwa umekaa hapo hapo na ukaondoka nayo siku ile ile, hata daftarini haingii. Ukivuka majimbo, sheria ya 1986 ya kulinda wamiliki wa silaha inakukinga kama bastola haina risasi, imefungiwa, na haifikiki kutoka ulipokaa. Kama gari halina buti, iwe kwenye kasha lenye kufuli ambalo si kile kisanduku cha mbele ya abiria wala cha katikati ya viti. Kinga hiyo ni ya mtu anayepita kutoka mahali anaporuhusiwa kumiliki kwenda mahali anaporuhusiwa. Haikupi ruhusa ya kulala wikiendi New York na bastola isiyo kwenye leseni ya huko.

Hatua ya 5: Hakikisha aliyeko upande wa pili ni fundi kweli

Fundi anayebaki na silaha za watu lazima awe na leseni ya serikali kuu. Muombe nakala ya leseni yake. Duka lako litaitaka kwa vyovyote. ATF, idara inayosimamia silaha, ina ukurasa wa kuhakiki leseni mtandaoni unaoitwa FFL eZ Check. Unaingiza tarakimu chache za namba ya leseni na unaona jina na anwani. Anwani ya kwenye leseni ndiyo unayotuma, si ya nyumbani kwake, si ya binamu yake aliye karibu na kituo cha vifurushi.

Na wewe mwenyewe? Fundi haruhusiwi kumrudishia silaha mtu aliyekatazwa kumiliki. Hili linawagusa wahamiaji moja kwa moja. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani green card, sheria ya serikali kuu haimkatazi kwa sababu ya uraia wake. Aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa ana jambo linalomtoa kwenye katazo, kwa mfano leseni halali ya kuwinda. Kama hali yako ya ukaazi imebadilika tangu uinunue bastola, zungumza na mwanasheria kabla ya kuiweka kwenye boksi, siyo baada.

Hatua ya 6: Itoe risasi, na uithibitishe mara mbili

Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma, risasi iliyomo chembani iruke. Ukifuata mpangilio wa kinyume, slaidi ikirudi itasomba risasi nyingine kutoka kwenye magazini, na wewe utaapa kwa jina la Mungu kwamba bastola haina kitu. Ishike slaidi ikiwa nyuma, angalia ndani ya chemba kwa mwanga, halafu ingiza ncha ya kidole cha mwisho uguse. Macho huona yanachotarajia kuona. Kwa rivolva fungua silinda, sukuma maganda, hesabu matundu yote.

Kama risasi imekwama chembani na haitoki, simama hapo. Hiyo haisafiri kwa njia yoyote ile. Mpigie fundi wa karibu, mweleze hali kabla hujaingia mlangoni kwake.

Risasi hazikai kwenye boksi moja na bastola, hata moja ya kumwonyesha fundi, hata zile unazoamini ndizo zinazoleta matatizo. Mwandikie tu jina la kampuni na uzito wa kichwa cha risasi kama ulivyochapwa kwenye kasha.

Hatua ya 7: Kufunga

Piga picha. Namba ya silaha isomeke, pande mbili za bastola, kila mkwaruzo uliokuwapo. Picha hizi hazitakuwa na kazi yoyote, mpaka siku zitakapokuwa ndizo kila kitu ulicho nacho.

Bastola ipakwe mafuta kidogo, iingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uzungushiwe sponji, uingie kwenye boksi dogo gumu, na boksi hilo likae katikati ya boksi kubwa lenye vijazio pande zote. Litikise. Ukisikia chochote kinagonga, fungua ujaze. Toa kila kisichohusika: tochi, kilengeo cha kioo, ala ya ngozi, magazini za ziada. Mafundi wengi huomba magazini moja ili waweze kujaribu, hiyo weka.

Lile kasha zuri la plastiki lililokuja na bastola liache kabatini. Halirudi siku zote, na lina jina la kiwanda ubavuni. Kuhusu maandishi, boksi la nje liwe la kahawia, lisilo na nembo, lisilo na neno lolote linalohusu silaha. Sheria ya serikali kuu inaizuia hata kampuni ya usafirishaji kulazimisha lebo ya nje inayotangaza kwamba ndani kuna silaha, maana lebo ya namna hiyo ni mwaliko kwa mwizi. Kumwambia mfanyakazi wa kituoni kilichomo ni wajibu wako. Kuliandikia boksi ni jambo jingine.

Ndani weka barua. Ukurasa mmoja unatosha: jina, simu, anwani ya kurudishia, aina ya bastola, namba ya silaha, na malalamiko. Malalamiko yaandikwe kama unavyomweleza daktari, siyo "haifanyi kazi". Andika: "Kila baada ya risasi 15 hadi 20 ganda linasimama wima mdomoni mwa chemba, hutokea na magazini zote tatu, haikutokea kabla sijafikisha risasi 2000." Ukimwandikia hivyo umemwokolea fundi nusu siku, na kwa anayetoza kwa saa umejiokolea na wewe. Andika pia kikomo cha pesa: "Ikizidi dola 120 nipigie kwanza."

Hatua ya 8: Kukabidhi

Kama una lebo ya kiwanda, ipeleke kwenye kituo chenyewe cha kampuni, kile chenye wafanyakazi wake. Yale maduka madogo yenye nembo ya kampuni mlangoni ni ya watu binafsi na hayapokei silaha. The UPS Store ni mfano. Masanduku ya kudondoshea vifurushi ndiyo kabisa usiyaguse. Mwambie mfanyakazi ni silaha isiyo na risasi inayokwenda kwa mwenye leseni kwa matengenezo, mwonyeshe karatasi ya kiwanda, na usiondoke bila risiti iliyoskaniwa. Risiti ile ndiyo inayohamisha mzigo kutoka mikononi mwako kwenda mikononi mwao.

Utakutana na mfanyakazi asiyejua kanuni zake mwenyewe. Mimi mmoja aliniambia bastola lazima iandikwe juu ya boksi kwa kalamu nyekundu. Usibishane kwa sauti mbele ya foleni ukiwa na bastola mkononi, tafadhali. Omba msimamizi, au ondoka upigie kiwanda wakuelekeze kituo kingine.

Hatua ya 9: Hesabu

Bei hubadilika kila mwaka na kila duka lina yake, kwa hiyo zichukue hizi kama kipimo cha mkono.

Slaidi peke yake kwa posta, kwenye boksi la bei moja la Priority Mail la ukubwa wa kati, ni karibu dola 20, na dogo ni chini ya hapo. Priority Mail huja na bima ya dola 100. Slaidi yenye kilengeo cha kioo inazidi hapo, kwa hiyo ongeza dola chache za bima. Kurudi ni hivyo hivyo. Jumla ya safari mbili, chini ya 60.

Bastola nzima kupitia duka linalotuma kwa posta: usafiri ni ule ule wa dola 20 na kitu, weka bima ya thamani kamili na saini ya mpokeaji, unafika 35 au 40. Ongeza ada ya duka. Nimewahi kutajiwa 25, nimewahi kutajiwa 75, kwa kazi ile ile, katika barabara ile ile. Duka likituma kwa ndege ya siku moja, ongeza 50 hadi 80 juu yake. Kisha usafiri wa kurudi, ambao fundi huuweka kwenye bili yako na ambao wengi husahau kuuliza, na ada ya duka ya kupokea.

Ndiyo maana bastola ya dola 300 iliyonunuliwa mkononi wakati mwingine haistahili safari. Ukilipa 130 ya barabara na 90 ya fundi, umeinunua tena karibu robo tatu yake. Kwa bastola ya marehemu baba, hesabu hiyo haipo.

Jambo la bima linahitaji jicho. UPS na FedEx zisipoambiwa thamani, dhima yao inaishia dola 100. Waambie thamani halisi, na uwe na kitu cha kuithibitisha: risiti ya kununulia au bei ya sasa ya bastola kama hiyo. Kama lebo ni ya kiwanda, uliza ni nani anayedai ikipotea, wewe au wao. Jibu la kawaida ni wao, maana akaunti ni yao, lakini lipate kwa barua pepe.

Hatua ya 10: Kurudi nyumbani

Ikirudi kwako moja kwa moja haiji kwa posta, kwa sababu ule mlango wa 1927 uko wazi kati ya wenye leseni tu. Italetwa na kampuni binafsi na itataka saini ya mtu mzima mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Panga siku ya kuwa nyumbani, au omba ishikiliwe kituoni uichukue kwa kitambulisho. Haiachwi barazani.

Ikirudi dukani, nenda wewe mwenyewe. Silaha iliyopelekwa kwa matengenezo tu ikirudishwa kwa aliyeileta haihitaji kujaziwa ile fomu 4473 ya kununulia. Lakini ukimtuma mkeo au rafiki akuchukulie, kwa macho ya sheria duka linamkabidhi mtu mwingine silaha, na huyo lazima ajaze fomu na kuchunguzwa.

Wakati mwingine fremu haitengenezeki na kiwanda kinakupa bastola mpya badala yake. Serikali kuu inaruhusu hiyo mbadala, ikiwa ya aina ile ile, irudi kwako kwa njia ile ile na bila fomu mpya. Ila namba imebadilika. New York, ambako kila bastola huorodheshwa kwenye leseni ya mmiliki, namba mpya ni bastola mpya na leseni lazima irekebishwe. Kiwanda kikikupigia kusema "tutakupa nyingine", kabla ya kusema asante piga simu kwa ofisi ya leseni ya kwenu. Badilisha namba kwenye bima ya nyumba pia, kama umeiorodhesha huko.

Na ikipotea njiani? Mwenye leseni aliyeituma anao wajibu wa kutoa taarifa ATF na kwa polisi wa eneo lake ndani ya saa 48 tangu agundue. Kama ulituma wewe, nenda polisi siku hiyo hiyo na zile picha, namba ya silaha na risiti, kisha fungua madai kwa kampuni. Baadhi ya majimbo humlazimisha mmiliki kuripoti kwa muda maalumu. Usisubiri kampuni imalize uchunguzi wake. Wao wanatafuta boksi, wewe unataka namba ile iingie kwenye orodha ya zilizopotea kabla haijaonekana mahali pabaya.

Ikifika salama, ifungue ukiichukulia kuwa ina risasi. Magazini, slaidi, macho, kidole. Linganisha namba na picha, hesabu vipande ulivyotuma, soma karatasi ya fundi kuona alichobadilisha. Yangu ilikuja na kindoano cha zamani kwenye bahasha ndogo, ncha yake imelika upande mmoja kama jino. Bado ninacho kwenye droo ya jikoni.